Mzee naye apewe pa kushika

Mtazame mzee wa miaka 80 akijaribu kuinuka kwenye benchi la zahanati. Kwanza anapapasa ukingo wa ubao, lakini hapati nafasi kwa kuwa mwenzake amebanana naye. Kisha anaweka viganja juu ya magoti, magoti yale yale yanayomuuma, anajisukuma, anarudi chini. Mara ya pili mtu anamshika kwapani na kumvuta. Anasimama huku akiomba radhi kana kwamba amemkosea mtu. Huku kwetu Kuresoi, katika Kaunti ya Nakuru, jambo hili hutokea kila siku, na tumelizoea hadi hatulioni tena. Mimi naliona kwa sababu kazi yangu ni kutengeneza viti.

Nina karakana Keringet, kando ya barabara ya Olenguruone, na viti ninavyovipenda kuliko vyote ni vya mikono: kikalio cha ubao mmoja mnene, mgongo wa fito, na mikono miwili ambayo ncha zake zimechongwa ziweze kushikika. Ninachokisema leo nimekisema mara nyingi karakanani kwa yeyote aliyesimama kunisikiliza. Kila mahali pa umma ambapo wazee husubiri, iwe zahanati, ofisi ya chifu, kanisa au ofisi za kaunti ndogo, pawe na viti kadhaa vya aina hiyo. Na vitengenezwe hapa hapa, kwa mbao za hapa, na vijana wa hapa.

Serikali yenyewe imeshakubali kwamba mtu aliyetimiza miaka 70 anastahili kuangaliwa. Ndiyo maana kuna Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kila mzee aliyesajiliwa. Jina la mpango huo linapendeza. Lakini siku ya malipo ninawaona wazee waliotoka Kiptororo na Tinet wakingoja zamu yao juu ya mawe, kwenye ngazi za maduka, au kwenye viti vya plastiki vilivyoazimwa hotelini. Anayeinuliwa kwa 2,000 bado anahitaji mtu wa kumwinua mwili.

Mkono wa kiti una kazi mbili, na watu wengi wanaijua moja tu, ile ya kupumzisha kiwiko. Kazi ya pili ndiyo kubwa. Mtu anapotaka kusimama huvuta nyayo nyuma, huinama mbele, kisha husukuma chini. Kijana husukuma kwa mapaja peke yake. Mzee mapaja yake yamelegea na magoti yana baridi yabisi, kwa hiyo sehemu ya uzito wake lazima ipite mikononi. Kama mikono haina pa kusukumia, uzito wote hurudi magotini. Na si mkono wowote tu utakaofaa. Ukiishia katikati ya kikalio, mzee anasukuma akiwa ameshikilia nyuma ya nyonga zake na hapati nguvu. Ncha ya mkono inapaswa kufika karibu na ukingo wa mbele wa kikalio, iwe mahali ambapo kiganja kinaweza kuifunika na vidole kukunjika chini yake.

Kiti cha plastiki nacho kina mikono, mtu ataniambia. Ni kweli. Lakini mikono ile ni myembamba na inateleza, na mzee anapoiegemea kwa uzito wake wote, miguu ya kiti hutanuka sakafuni, hasa kwenye saruji iliyolowa maji ya mvua yaliyoletwa na viatu. Sofa nazo zina dosari nyingine. Nimefungua nyingi ili kuzirekebisha. Chini ya kitambaa na sponji unakuta mabaki ya mbao yaliyogongwa misumari na karatasi ngumu iliyokunjwa ili mkono uonekane mnene. Ni laini kukalia, lakini mzee akishazama ndani yake, kutoka ni kazi.

Mtindo ninaoufuata asili yake ni Uingereza, nao huitwa Windsor kwa jina la mji ulio karibu na London. Ulianza kutajwa katika karne ya 18, na kufikia miaka ya 1870 mji wa High Wycombe ulikuwa ukitoa maelfu ya viti vya namna hii kwa siku. Miguu ilikerezwa msituni na mafundi waliopiga kambi penye miti, kisha ikapelekwa mjini kuunganishwa. Mimi niliujua mtindo huu kupitia kiti cha zamani kilicholetwa karakanani kurekebishwa kutoka nyumba iliyokuwa ya mlowezi upande wa Molo. Mguu mmoja ulikuwa umevunjika, lakini mikono ilikuwa mizima. Ncha zake zilichongwa mfano wa vifundo vya vidole vya mtu aliyekunja ngumi, na zilikuwa zimelainika kwa mikono ya watu ambao bila shaka wamekwisha kufa. Nilikaa, nikashika, nikaelewa.

Siri ya kiti hicho ni kwamba kila kitu kimechomekwa kwenye kikalio. Kiti chetu cha kawaida, ambacho kila fundi wa Molo au Elburgon anakijua, miguu yake ya nyuma hupanda moja kwa moja ikawa mgongo, na mbao huunganishwa kwa pembe za mraba. Katika Windsor miguu huingia kikalioni kutoka chini na fito huingia kutoka juu, na hakuna mguu unaojua habari za mgongo. Kwa hiyo miguu inaweza kutanuliwa upendavyo. Kwa mzee jambo hili lina maana kubwa. Akisukuma kwenye ncha za mikono zilizo mbele, kiti kisicho na miguu iliyotanuka kwenda mbele kitainuka nyuma na kumwangusha. Mimi huilaza miguu ya mbele hadi nyayo zake zikapita ukingo wa kikalio, ndipo ninapothubutu kurefusha mikono.

Sasa nieleze mkono wenyewe unavyochongwa, kwa kuwa hapo ndipo muda unapokwenda na ndipo wateja wanaponiuliza kwa nini bei imepanda.

Ninachagua kipande cha mgrevilea chenye unene wa inchi mbili hivi ambacho nyuzi zake zinakwenda na urefu bila kukatiza pembeni. Ninaweka juu yake kielezo cha karatasi ngumu na kuchora umbo kwa penseli. Halafu, kabla ya kukata chochote, ninatoboa matundu: moja kubwa mbele kwa ajili ya nguzo inayobeba mkono, mengine madogo nyuma kwa fito. Kijana mgeni daima hutaka kuchonga kwanza na kutoboa baadaye, na lazima umzuie. Kipande kikiwa bado bapa unaweza kukibana kwenye jiriwa na kupima pembe ya keekee kwa uhakika. Kikishakuwa mviringo kinakuponyoka, na tundu likipinda kidogo tu, mkono mmoja wa kiti unakuwa juu kuliko mwingine.

Unene wa inchi mbili hautoshi ngumi ya mbele. Kwa hiyo ninagandisha kipande cha ziada chini ya ncha, kikiwa kimetoka kwenye ubao ule ule na nyuzi zake zikielekea upande ule ule, nikakibana usiku kucha. Asubuhi ninakata umbo kwa msumeno mwembamba, kisha naanza na patasi yenye kinywa cha mviringo. Kutoka hapo ni kusoma nyuzi. Unachonga ukishuka kutoka palipoinuka kwenda palipo chini, na unapofika bondeni unasimama na kuja kutoka upande wa pili. Ukipanda badala ya kushuka, patasi huingia chini ya nyuzi na kung'oa kibanzi kirefu kilichobeba nusu ya kidole ulichokuwa unakichonga. Baada ya patasi ni tupa ya mbao, na baada ya tupa ni ukingo wa kisu unaokwangua. Msasa ninautumia kidogo. Ninaacha alama nyepesi za kisu upande wa chini, pale vidole vinapokunjika, kwa sababu mbao iliyolainishwa kupita kiasi huteleza mkononi.

Vanishi siipaki kwenye mikono ya kiti. Inang'aa dukani, lakini jasho la kiganja huila na baada ya muda hubanduka kama ngozi ya aliyechomwa na jua. Ninatumia mafuta ya kitani, mipako miwili au mitatu, na kila mara nikiyaacha yakauke vizuri. (Kwa mafundi wenzangu: vile vitambaa vyenye mafuta ya kitani msivirundike pembeni. Hujitia joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto. Vianikeni nje vikauke vikiwa vimetandazwa.)

Mkono wa kiti haujaisha hadi aliyekiagiza akikalie. Kogo (yaani bibi, kwa Kikalenjin) mmoja wa Kiptagich, aliyekuwa amepata kiharusi kilichomwacha na mkono wa kushoto dhaifu, alikaa kwenye kiti chake kikiwa bado hakijapakwa mafuta. Akashika kulia, akashika kushoto, akanyamaza. Kisha akaniuliza, "Na hiki kidole gumba changu, mwanangu, umekipangia kukaa wapi?" Upande wa kulia kidole gumba kilipita juu na kufunga. Upande wa kushoto hakikuwa na nguvu ya kufunga, kikawa kinaelea. Nilichukua penseli nikachora alama pale kilipotua chenyewe, nikachonga bonde dogo la kukilaza. Aliposimama mara nyingine hakumwita mjukuu. Mikono ya kiti kile haifanani, na mtu asiyejua anaweza kudhani fundi alichoka njiani. Ningeulizwa kazi ipi ninaionea fahari, ningeonyesha ule mkono wa kushoto.

Hakuna kiwanda kinachoweza kuuliza swali la kogo yule, kiwe cha Nairobi au cha Uchina. Kiwanda kina ukubwa mmoja wa mtu. Sikatai viwanda, kwani shule yenye wanafunzi mia kadhaa haiwezi kungoja patasi yangu. Ninazungumzia viti vichache katika kila chumba cha kungojea.

Nitaambiwa mbao hakuna. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma. Ilitangazwa kuwa ya siku 90, ikadumu zaidi ya miaka mitano, hadi Julai 2023, Rais William Ruto alipotangaza kuiondoa akiwa Molo. Elburgon na Molo ni miji iliyoishi kwa msumeno, na katika miaka ile mashine nyingi zilinyamaza. Mbao za saiprasi zilipanda bei, nyingine zikaanza kuja kutoka Tanzania. Sitaki kurudia mabishano ya msitu wa Mau. Sote tunakunywa maji yake na kulima viazi na majani chai kwa mvua yake, na ninayesema hivi ninaishi kwa kukata miti. Lakini miaka ile ilinilazimisha kuangalia kwenye mashamba ya watu badala ya msituni, na huko nilikuta mgrevilea umepandwa kila mpakani. Ni mbao yenye madoadoa mazuri, hainyongi patasi, na inatosha kwa uimara ukiikausha vizuri. Vumbi lake huwasha ngozi, kwa hiyo ninavaa mikono mirefu.

Kukausha ndiko kunakotushinda huku juu. Kuresoi ni baridi, ukungu hukaa hadi saa nne asubuhi, na mbao iliyopangwa nje inaweza kumaliza msimu mzima ikiwa bado nzito. Kiti kilichounganishwa kikiwa na unyevu wa Keringet, kikipelekwa Nakuru ambako kuna joto zaidi, hunywea na viungo vyake hulegea. Dawa ya jambo hili walikuwa nayo mafundi wa Windsor tangu zamani, nami naifuata: fito na ncha za miguu zikaushwe kabisa, lakini kikalio kibaki na unyevu kidogo. Kikalio kinaponywea baada ya kuunganishwa, matundu yake huzibana ncha zile zilizokwisha kukauka, na kiti huzidi kukaza. Fito zangu ninazining'iniza juu ya meko ya jikoni kwa wiki kadhaa. Mke wangu anazijua kwa idadi.

Tena mkono wa kiti unahitaji mti mdogo sana. Kipande kisichofika futi mbili. Kule Wales kulikuwa na desturi ya kutafuta tawi lililopinda lenyewe na kulifanya mkono wa kiti, kwa kuwa nyuzi zake zimefuata ule mpindo na halivunjiki. Nasi tumekuwa tukifanya vivyo hivyo kwa mipini ya majembe na bakora. Wazee wa Kiogiek wa Tinet wanajua kupasua gogo la mtarakwa vipande viwili, kulikomba ndani kwa tezo na kulifunga tena likawa mzinga wa nyuki. Ukimtazama mzee wa aina hiyo akishika tezo, utaona kwamba anasoma nyuzi za mti kuliko kijana yeyote mwenye cheti. Ujuzi huo upo hapa, kilomita chache kutoka ofisi ambazo hununua samani kwa lori.

Pwani wana kiti cha enzi, cha mpingo kilichopambwa kwa vipande vya mfupa au pembe za ndovu, kikalio na mgongo vikiwa vimesukwa kwa kamba, mikono mipana iliyonyooka. Kiliwekwa kwa ajili ya mgeni wa heshima, na viti hivyo vinaonekana mpaka leo katika makumbusho ya Lamu. Ni vizuri sana. Vilitengenezwa ili mtu mkubwa aonekane mkubwa. Ninachoomba kwa wazee wa Kuresoi ni heshima ya aina nyingine, ya kuweza kuondoka kitini bila msaada.

Sasa bei. Kiti changu kimoja kinaweza kununua viti vya plastiki vitano au sita. Sifichi. Lakini vya plastiki vinavyovunjika mguu hutupwa nyuma ya jengo na kununuliwa vingine, ilhali mguu wa Windsor ukivunjika unatolewa, unakerezwa mwingine, unachomekwa. Kile cha Molo kilikuwa kimeshaishi zaidi ya bwana wake wa kwanza.

Kikwazo kikubwa kuliko bei ni namna zabuni zinavyoandikwa. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Hiyo ni nafasi nzuri. Lakini zabuni ikisema "viti 400, vyeusi, vya chuma na kitambaa, viletwe katika siku 21", ni mfanyabiashara wa kuagiza bidhaa tu anayeweza kujibu, hata akiwa kijana. Fundi wa Kamara au Sirikwa ameshafungiwa mlango kabla hajanunua gundi. Niliwahi kupeleka sampuli ya kiti katika ofisi moja ya umma, wakakisifu, kisha nikaambiwa hakiingii kwenye orodha kwa sababu hakina rangi iliyoandikwa. Hakuna aliyekikalia.

Ninaomba zabuni za vyumba vya kungojea ziwe na fungu dogo la pekee, viti kumi au ishirini, na vipimo vyake viandikwe kwa kuutazama mwili wa mzee: kikalio kiwe na urefu wa inchi 18 hadi 19 kutoka sakafuni, mikono iwe inchi 8 au 9 juu ya kikalio, ncha zifike karibu na ukingo wa mbele na ziwe nene kiasi cha kushikwa, na kiti kisiinuke nyuma mtu mzima anapoegemea ncha zote mbili. Rangi waachie.

Na vyuo vyetu vya mafunzo ya ufundi, ambavyo tangu ugatuzi wa 2013 viko chini ya kaunti, vichukue jambo hili. Vijana wanaokuja kwangu kutoka vyuoni wanajua kuunga dirisha na mlango, na wanaunga vizuri. Mbao iliyopinda huwaogopesha. Wamefundishwa kwa mraba na rula, hawajawahi kupewa mtu wa kumpima. Ningependa kila darasa la useremala liagizwe kutengeneza kiti kimoja cha mikono kwa ajili ya mzee mmoja anayejulikana wa kijijini, aje akikalie, aseme kinapomuumiza, warekebishe. Mbao ya kazi hiyo haitazidi mgrevilea mmoja wa mpakani. Mafundi wenye umri kama wangu tunaweza kwenda kusimamia, na wale wazee wa tezo walipwe kwenda kufundisha.

Mwaka wa fedha huanza Julai, na kabla ya hapo huitishwa vikao vya wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti. Kwa kawaida huwa katika ukumbi wenye viti vya plastiki, na wanaozungumza ni wenye sauti kubwa. Safari hii nitabeba kiti kimoja juu ya bodaboda hadi huko, nikiweke mbele, na nimwombe mzee yeyote aliye ukumbini akae na asimame mara mbili: mara moja kwenye kiti chao na mara moja kwenye changu. Wenye kalamu ya bajeti watazame magoti yake, kisha waandike.